Nimemuona Daudi wa Michelangelo kwa macho yangu pale Florence. Mimi fundi marumaru, nikajikuta naangalia jiwe

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za jioni.

Hii kitu nimekaa nayo tangu mwezi wa tisa nikaona bora niiandike kabla haijapoa. Mimi ni fundi wa marumaru na granaiti hapa Dar, kaunta za jikoni, ngazi, makaburi, mwaka wa kumi na saba huu nakula vumbi. Sasa tukajichanga wenzangu watatu na mimi wa nne tukaenda Verona, Italia, kwenye yale maonyesho ya mawe yanaitwa Marmomac, yanafanyika kila mwaka, ukitaka kuona mashine inakata jiwe kama mtu anakata mkate ndio huko. Habari za viza sizielezi, zile zina uzi wake na nitalia.

Maonyesho yakaisha tukabaki na siku mbili. Wenzangu wakataka Milan wakaone viatu. Mimi nikawaambia kuna jiwe moja nataka nikalione, wakacheka, yaani siku nne umeshinda kwenye mawe bado unataka jiwe? Nikapanda treni peke yangu, Verona mpaka Florence (wenyewe wanaita Firenze) ni kama saa moja na nusu, unashuka unatembea robo saa hivi unafika mtaa unaitwa Via Ricasoli, hapo ndipo ilipo Galleria dell'Accademia, jumba la makumbusho ya sanaa. Kwa nje jengo la kawaida kabisa, kama sio foleni unapita.

Tiketi nilikatiwa na mtu wa kati mtandaoni, nilipokuja kuona bei ya mlangoni nikaishiwa nguvu, ila tuache hilo.

Unaingia, unakunja kona, unakutana na korido ndefu. Kule mwisho, chini ya kuba lenye kioo mwanga unashuka kutoka juu, yupo yeye, Daudi, ile sanamu ya marumaru aliyoichonga Michelangelo, mchongaji wa Italia wa zamani. Na watu wote wanafanya kitu kimoja, simu juu, wanatembea moja kwa moja kuelekea kwake kama wameitwa. Mimi sikufika haraka. Kwenye ile korido pembeni kuna sanamu nne ambazo hazijaisha, wanaziita Wafungwa, aliyezichonga ni huyo huyo Michelangelo, zilikuwa za kaburi la papa Julius wa Pili halafu hazikutumika. Aisee wakuu, nilikaa pale dakika arobaini. Maana zile zina alama za tindo! Zote! Unaona hapa kapiga tindo ya ncha, mistari mirefu, anaondoa nyama nyingi kwa haraka, halafu hapa kahamia kwenye tindo ya meno, mistari imekaa sambamba kama mtu kachana nywele, na anaifuata duara la bega, hakati kinyume. Bila grinda. Bila diski ya almasi. Mmoja kichwa bado kiko ndani ya jiwe kabisa, mikono imenyanyuka kama amebeba lile bonge, na jiwe lililobaki juu yake ni kubwa kuliko kichwa. Nikawa naangalia naona kabisa mtu alikuwa anafanya kazi akaambiwa acha, akaweka vyombo chini.

Ndio nikaenda kwa Daudi. Urefu mita 5 na sentimita 17 bila kiti chake, yaani lile jukwaa analosimamia. Kwa wale wa bandarini, pandanisha kontena mbili za kawaida, hapo hapo. Uzito tani tano na nusu. Kwenye picha zote nilizowahi kuona nilidhani ana ukubwa wa mtu, au mtu na nusu hivi, kumbe nikinyoosha mkono juu kabisa sijui kama nitafika gotini ukihesabu na kile kiti.

Sasa hili ndilo lililonileta hapa. Watu wote wamejazana mbele. Wakuu, zunguka. Nenda ubavuni. Huyu jamaa ni MWEMBAMBA. Kwa mbele ana kifua, ana mabega, ukienda pembeni unaona kabisa hakukuwa na jiwe. Nikasimama pale nikacheka peke yangu, mlinzi akaniangalia.

Nikumbushe kesho niendelee, umeme umeanza mambo yake.

#2

Uzi bila picha ni umbea. Weka picha mkuu

#3

Nipo siti ya mbele na karanga zangu

#4

Hela yote hiyo kwenda kumuangalia mwanaume yuko uchi. Na mnasema ni Daudi wa kwenye Biblia, Daudi gani huyo mfalme hana hata shuka

#5 – Mleta uzi

Nimerudi. Kabla ya kuwajibu nimalizie la jiwe.

Nyie mafundi wenzangu mnaijua hii. Mteja anakuja na slabu yake, nzuri, ya gharama, lakini keshapita kwa fundi mwingine. Tundu la sinki limetobolewa pasipo mahali pake, kona imeliwa, anakwambia fundi hebu nifanyie kitu. Hapo wengi wetu tunamwambia nunua lingine. Basi Daudi ni hiyo kesi, ila ya tani na tani.

Lile bonge lilitoka Carrara, kule Italia kwenye machimbo ya marumaru, likapewa fundi anaitwa Agostino di Duccio mwaka 1464 atengeneze sanamu ya kukaa juu kabisa ya kanisa kuu la Florence. Akaanza kulichonga kule chini sehemu ya miguu, akaacha. Mwaka 1476 akapewa mwingine, Antonio Rossellino, naye hakufika mbali. Likabaki uwani kwa kanisa miaka 25, mvua yake jua lake. Watu wa mjini wakawa wanaliita Jitu. Agosti 1501 ndio akapewa Michelangelo, kijana wa miaka 26, mkataba wa miaka miwili, florini 6 (sarafu za dhahabu za wakati ule) kwa mwezi. Na hakuambiwa chagua jiwe, aliambiwa jiwe ni hili.

Kwahiyo ule wembamba wa ubavuni ndio deni alilorithi. Bonge lilikuwa refu halina kina, na wengine walishakula sehemu. Hawezi kumrushia mkono mbele, jiwe la mkono halipo. Hawezi kumpigisha hatua kubwa. Mimi naona ndio maana kila kitu kimekwenda kulia na kushoto, kichwa kageuzia bega la kushoto, mkono wa kushoto umekunjwa umerudi begani, wa kulia umeshuka umelala pajani, kiwiko kimekaa pembeni. Ukiwa mbele unaona mtu ametulia tu kwa raha zake. Ukiwa ubavuni unaona hesabu.

Na jiwe lenyewe sio la kwanza kwa ubora. Lina vitundu vidogo vidogo, ukisogea unaviona. Sisi hapa Kariakoo kila kitu cheupe chenye mstari wa kijivu tunakiita Carrara na tunapandisha bei (tusidanganyane, mengine ni vigae vya kuchapwa), halafu jiwe lililobeba sanamu inayojulikana kuliko zote duniani ukimletea mama wa Mbezi anataka kaunta atakukataa, atasema hili lina chunusi.

Picha zinakuja.

#6

Fundi umenigusa na hiyo ya tundu la sinki. Ninayo moja karakana inaniangalia tangu mwezi wa nne

#7

Assalaam aleykum. Sisi huku pwani tunamjua ni Nabii Daud na yule jitu ni Jaluti, imo kwenye Al-Baqara aya ya 251. Swali langu Jaluti yuko wapi? Sanamu ipo moja tu au kichwa kipo chini miguuni?

#8 – Mleta uzi

Waaleykum salaam sheikh. Swali zuri kuliko yote mpaka sasa.

Hayupo! Na mimi nilimtafuta. Ukienda jumba lingine hapo hapo mjini linaitwa Bargello kuna Daudi wawili wa shaba nyeusi, mmoja wa Donatello na mwingine wa Verrocchio, wote wametangulia kabla ya huyu, na wote kichwa cha jitu kipo miguuni, kazi imeisha. Huyu wa Michelangelo hajapigana bado. Ana teo limepita mgongoni kutoka begani, jiwe kalificha kwenye kiganja cha kulia, na anamuangalia mtu ambaye sisi hatumuoni. Ukiwa mbele anaonekana mtulivu. Zunguka upande anaoangalia ndio unakuta paji limekunjwa, mshipa wa shingo umevimba. Mtu anaogopa huyu, ila keshaamua.

#9

Teo ndio nini? manati?

#10

@9 sio manati bana, manati ina mpira na panda. Teo ni ile kamba yenye kijaluba katikati unazungusha unaachia ncha moja. Wachunga ng'ombe wanajua. Kizazi cha simu hiki

#11

Mimi ni wa Nairobi. Nilikuwa Florence 2019 na group ya church, huyo David nilimwona pale nje kwa square kubwa mbele ya ile nyumba ina mnara, sikulipa hata ndururu. Mbona wewe ulilipa? Walikuibia budaa

#12 – Mleta uzi

@11 mkuu pole sana. Ile ya Piazza della Signoria ni nakala, waliiweka 1910. Ya kweli ilisimama pale pale tangu 1504 mpaka 1873 ndio wakaiingiza ndani.

#13

Ngoja kwanza. Unataka kuniambia nimeweka fotokopi kwa profile picture miaka yote hii

#14

😂😂😂😂 fotokopi

#15

Mimi naishi Bologna mwaka wa nane sasa, kaka yetu wa Nairobi usijali, hata Waitaliano wenyewe wengi wanaishia kwenye hiyo ya nje. Na ipo ya tatu, ya shaba, kule mlimani Piazzale Michelangelo, hapo unaona mji wote bure.

Kwa wanaopanga kwenda nisaidie kidogo maana mleta uzi kapigwa na wa kati. Kateni tiketi kwenye tovuti yenyewe ya jumba. Jumatatu wamefunga, msiende mkakae mlangoni kama mimi mara ya kwanza na watoto wawili na jua. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ni bure lakini foleni yake ni ya msiba wa mtu mkubwa. Mimi naenda asubuhi ya kwanza kabisa au jioni wanapokaribia kufunga, makundi ya watalii yanakuwa yameshaenda kula.

Halafu nikubaliane na wewe kwenye wale Wafungwa. Mimi sio fundi, ni mlezi wa wazee, siku ya kwanza nilipita bila kuwaangalia. Mara ya pili nilikwenda na bibi ninayemlea, yuko kwenye kiti cha magurudumu, akaniambia simama hapa, tukakaa kwa yule anayejinyoosha kama anaamka. Hakusema kitu. Kwa Daudi hata hakutaka kufika.

#16

Huyo aliyeuliza kuhusu uchi hajajibiwa, na mimi nina la kwangu: mbona mkono wa kulia mkubwa hivyo? Nimegoogle sasa hivi. Kiganja kama cha mtu mwingine. Na kichwa. Fundi alikosea vipimo tuseme ukweli

#17 – Mleta uzi

@4 na @16 kwa pamoja.

La uchi, hujaanza wewe. Hao hao wa Florence waliomuweka pale uwanjani walimvisha mkanda wa majani ya shaba kiunoni. Kwahiyo miaka zaidi ya 500 iliyopita kuna mzee alisimama akauliza swali lako hilo hilo.

La mkono na kichwa, kumbuka kazi ilikuwa ya kukaa juu ya kanisa, juu sana, watu waangalie kutoka barabarani. Kitu kikikaa juu kinapungua machoni, kwahiyo wengi wanasema kichwa na mkono viliongezwa kusudi. Wengine wanasema mkono mkubwa ni kuonyesha nguvu. Mimi sitaki kubishana na maprofesa ila nimeshaweka msalaba juu ya kanisa la kijijini kwetu, chini ulikuwa mnene hata fundi mwenzangu akaniambia umezidisha, tulipoupandisha ukawa kama kijiti cha meno. Kwahiyo naegemea hiyo ya kwanza.

Lakini hakupanda juu. Ilipokaribia kuisha mwezi wa kwanza 1504 wakaitisha kikao watu kama 30, kumo wachoraji wakubwa Leonardo da Vinci na Botticelli, waamue akae wapi. Na hapa kuna mtu nampenda sana, Giuliano da Sangallo, msanifu wa majengo. Alisema jiwe hili limeshakaa nje muda mrefu, limelainika, liwekwe chini ya paa. Leonardo akamuunga mkono. Yaani fundi kaangalia jiwe kasema ukweli wa jiwe! Wanasiasa wakalipeleka uwanjani mbele ya ikulu yao ya mji. Likanyeshewa miaka 369.

#18

Hapo kwenye fundi anasema ukweli halafu mwenye mradi anafanya anavyotaka, hiyo hata sihitaji nauli ya Italia kuiona

#19

Sasa tani tano na nusu walihamishaje bila kreni? Hilo ndio nataka

#20 – Mleta uzi

Muuza dawa mmoja wa mji huo, Luca Landucci, alikuwa anaandika shajara na siku hiyo kaandika. Tarehe 14 Mei 1504 jioni ilitolewa karakana, ikabidi wavunje ukuta juu ya mlango ipite. Wakaining'iniza imesimama ndani ya fremu ya mbao kwa kamba, ili ikiyumba iyumbe bila kugonga, na chini magogo 14 yaliyopakwa mafuta, watu zaidi ya 40 wanasukuma, gogo la nyuma likitoka wanalikimbiza mbele. Siku nne! Na nimetembea hiyo njia kwa mguu, dakika kumi haziishi. Usiku wa kwanza kuna watu waliirushia mawe, ikabidi iwekewe ulinzi.

Sisi tulivunja slabu ya mita tatu kwenye Fuso, Tegeta, kwenye tuta. Tuta moja.

Na mikasa yake haikuishia hapo. 1527 mji ulichafuka, watu wamejifungia ndani ya ile ikulu ya mji wanarusha vitu dirishani, benchi likashuka likapiga mkono wa kushoto ukakatika vipande vitatu. Vikaokotwa, miaka mingi baadae ukarudishwa, maungio ukiyatafuta unayaona. 1991 mtu mmoja kaingia na nyundo kaificha ndani ya koti akapiga kidole cha mguu wa kushoto. Ila sikiliza hii, vile vipande vya kidole ndivyo vilipimwa wakajua jiwe lilichimbwa machimbo gani ya Carrara, yanaitwa Fantiscritti.

Kifundo cha mguu wa kushoto na kile kisiki nyuma ya mguu wa kulia vina nyufa nyembamba kama unywele. Nilipiga magoti kuziangalia. Tani tano zimesimama pale, wakuu. Kile kisiki watalii wanadhani ni pambo, hicho ndio nguzo, kitoe uone.

#21

Kwa sisi wa London tusio na nauli, pale makumbusho ya Victoria and Albert, South Kensington, yupo wa plasta, ukubwa ule ule, bure kuingia. Na kuna jani la plasta kwenye kabati la kioo, lilikuwa linatundikwa pale mahali wakija wageni wa familia ya kifalme. Sio utani, lipo.

#22

@4 umepata jani lako

#23

Mimi nitasema ukweli mnichukie. Tunasifia vya watu. Babu zetu Wamakonde wanachonga mpingo, mti mgumu unaovunja patasi, binadamu kumi na tano wamepandiana kwenye gogo moja, nani ameandika uzi? Nenda Mwenge pale vinyago vinauzwa kwa bei ya nauli

#24 – Mleta uzi

@23 sikuchukii hata kidogo, mama yangu mdogo aliolewa na mchongaji wa Mwenge, nimekulia likizo pale kwenye vibanda nikipiga msasa na kupaka dawa ya viatu. Na ndio huyo mzee niliyemkumbuka pale Accademia kuliko mtu yeyote.

Maana mpingo nao hauji ulivyotaka. Umepinda, katikati una tundu, ganda lake jeupe linaliwa na wadudu, hapa kuna fundo. Mzee analizungusha gogo siku mbili hajagusa patasi, tukimuuliza unafanya nini anasema naangalia litakubali nini. Pale penye tundu anapitisha mkono wa mtoto, pale palipopinda anaweka mgongo wa bibi. Mnunuzi anadhani alipanga. Sasa na huyu wa Florence kakuta miguu imeshaliwa na mtu mwingine, kina hakuna, kafanya hivyo hivyo. Sisemi nani zaidi ya nani, mpingo na marumaru ni vitu viwili, mmoja unachonga na nyuzi zake zinakuvuta, mwingine hauna nyuzi ila unakatika ghafla bila kukuaga. Ila hao wawili ungewakalisha kwenye benchi moja wangeelewana bila mkalimani.

Kwa bei ya Mwenge nakubaliana na wewe asilimia mia. Inaniuma.

#25

Sawa mkuu nimekuelewa. Huyo mzee yupo bado?

#26 – Mleta uzi

Alitangulia 2014.

#27

Pole sana fundi.

#28

Poleni. Sasa jamani sitaki kuonekana sina adabu lakini picha ziko wapi, tupo ukurasa wa pili huu

#29 – Mleta uzi

Nimezipandisha. Naomba msinitukane.

Zipo arobaini na moja. Kumi na nane ni alama za tindo za wale Wafungwa. Tisa ni ubavu. Sita kisiki kwa nyuma. Nne kidole cha mguu. Nyingine ni ukuta, kile kiti, na moja ni kiatu cha mlinzi, hiyo iliponyoka. Mke wangu kaziangalia zote akauliza sasa sura yake iko wapi, na wewe uko wapi, umetumia hela ya ada kwenda Ulaya kupiga kisiki?

#30

Nimezifungua. Mkuu hiyo ya tindo ya meno begani, naomba uitume kubwa zaidi, nataka kuhesabu meno.

#31 – Mleta uzi

Njoo inbox